Akidi Gizani

Usiku wa tarehe 25 Januari 1995, meli ya mizigo ya Uingereza iliyoitwa Lima ilikuwa ikikata maji ya Bahari ya Hindi, maili kama 150 mashariki ya pwani ya Somalia. Ilikuwa saa tatu, mbingu safi, mwezi hakuna. Mabaharia wakaona weupe mbele yao, kama kwamba kuna mji mkubwa umewasha taa mahali pasipo na mji. Robo saa baadaye weupe ule ulikuwa umewazunguka pande zote. Bahari ilikuwa imegeuka maziwa. Haikumetameta wala kucheza na mawimbi; iliwaka tu, kimya, mpaka mwisho wa macho. Walisafiri ndani yake kwa saa nyingi ndipo wakatokea upande wa pili, kwenye giza walilolizoea.

Nahodha aliandika katika daftari la meli, na habari ingeweza kuishia hapo, miongoni mwa visa vya mabaharia ambavyo watu wa nchi kavu huvisikiliza kwa kutabasamu. Lakini miaka kumi baadaye Steven Miller, mtafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani kule Monterey, California, alizifukua picha za setilaiti za usiku ule na za siku zilizofuata. Doa lilikuwapo. Lilionekana kwa siku tatu mfululizo, na ukubwa wake ulizidi kilomita za mraba 15,000. Chukua Unguja, ikunjue mara tisa juu ya maji.

Januari ni kaskazi imekolea. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yalishuka na upepo huo huo, kandokando ya Somalia, kuja Lamu, Mombasa na Unguja, na siamini kwamba hapana hata moja lililowahi kupita katika maji ya namna ile. Nilimuuliza mvuvi mmoja mzee wa Mkokotoni kama amewahi kuisikia bahari ya maziwa. Alinieleza habari ya cheche zinazoruka ukipiga kasia usiku, ambazo kila mtu wa pwani anazijua. Hizo ni jambo jingine: ni viumbe vidogo vinavyoelea majini na kuwaka pale vinapotikiswa. Bahari ya maziwa haingoji kutikiswa. Mwaka 1985 meli ya utafiti ya Marekani ilibahatika kuingia katika maji kama hayo kwenye Bahari ya Arabuni, ikachota, na ndani ya maji yaliyochotwa wakakutwa bakteria wa mwanga waitwao Vibrio harveyi.

Kwamba bakteria wanawaka, hilo nalimeza bila shida; kimulimuli naye anawaka. Linalonikaba ni kwamba bakteria wa namna hii akiwa peke yake baharini hawaki. Taa anayo, mafuta anayo, na bado anakaa gizani. Anafanya sawa. Mwanga wa bakteria mmoja hakuna jicho litakaloutambua, na kuuwasha ni kuunguza akiba bure. Basi anangoja. Anangoja mpaka wawe wengi. Na hapo ndipo swali linapoanza kuuma: kiumbe asiye na jicho, asiye na sikio, asiye na ubongo, anajuaje kwamba sasa wamekuwa wengi?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1970, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa Woodland Hastings na Kenneth Nealson. Walikuwa wakimfuga jamaa wa karibu wa yule wa bahari ya maziwa, Vibrio fischeri, kwenye mchuzi wa maabara. Bakteria waliongezeka kila dakika, lakini mwanga haukuongezeka nao. Ulibaki pale pale kwa saa kadhaa, kisha ghafla ukapanda. Watafiti wakachukua mchuzi wa zamani, ule ambao bakteria walikuwa wameishi ndani yake hadi wakawaka, wakawachuja wote wakatoka, kisha wakatia bakteria wapya wachache. Wapya wale waliwaka mapema, kabla hawajawa wengi. Mchuzi wenyewe ulikuwa umebeba habari.

Kila bakteria, ilikuja kugundulika, hutoa nje ya mwili wake kemikali ndogo, kidogo kidogo, mchana na usiku. Fikiria moshi wa jikoni. Nyumba moja porini ikikoka moto, moshi wake upepo unauchukua na hakuna anayejua. Lakini mtaa ukijaa nyumba, na kila nyumba imeinjika chungu, ifikapo magharibi moshi hutanda juu ya mapaa yote. Mtu aliyejifungia chumbani, hajachungulia dirishani wala kuhesabu mlango hata mmoja, kwa pua tu atajua kwamba yuko katikati ya watu. Bakteria naye ana cha kunusia. Kemikali ikizidi kiasi fulani humrudia ndani, hushikana na protini inayoingojea, na protini hiyo hukaa juu ya jeni na kuiamsha. Wote wanafikiwa na moshi kwa wakati mmoja, kwa hiyo wote wanaamka kwa wakati mmoja.

Mwaka 1994 wanasayansi watatu wa Marekani, Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg, waliipa tabia hii jina walilolitoa kwenye kanuni za mikutano. Kiswahili hakihitaji kuhangaika nalo, kwa sababu neno tunalo: akidi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua akidi. Mmefika watatu, chai imepoa, mwenyekiti anatazama simu yake, na hakuna anayethubutu kupitisha bajeti ya ukumbi. Anaingia wa saba akiomba radhi kwa foleni, na mara wote wanasema kwa pamoja.

Hapa lakini niweke kizuizi. Waandishi wa sayansi wanapenda kusema kwamba bakteria wanazungumza, wana lugha, wanashauriana. Mimi nasita. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee, na hakuna aliyedai kwamba wingu linasema. Moshi wa jirani yangu haukutumwa kwangu. Bakteria hamwambii mwenzake neno. Anatoa alichoumbwa kukitoa, na mwenzake anakisoma, na kwa kuwa kusoma huko kumewafaa wote kwa muda mrefu usiohesabika, tabia imedumu. Hata hivyo nakiri kwamba nilipofika kwenye kazi za Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton msimamo wangu ulitikisika kidogo. Yeye na wenzake walionyesha kwamba Vibrio harveyi hasomi moshi wa aina moja. Upo wa wale wa aina yake, na upo mwingine ambao bakteria wa aina nyingi mno, wasio na udugu wowote, huutoa na kuusoma. Kwa maneno mengine anaweza kujua sisi ni wangapi, na anaweza pia kujua waliopo hapa kwa jumla ni wangapi. Mtu wa pwani ana lugha ya nyumbani na ana ya sokoni. Sisemi zaidi ya hapo.

Taa za baharini ni mambo ya kupendeza. Akidi inapohamia ndani ya mwili wa mtu, mambo hubadilika. Yupo bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa maji na udongo, ambaye mtu mwenye afya anaweza kupishana naye maisha yake yote bila kujuana. Mpe kidonda cha moto, au mpira wa mkojo uliokaa siku nyingi, au pafu lililodhoofika, na utamjua. Anapoingia hatoi sumu zake. Angezitoa akiwa mchache, kinga ya mwili ingeshtuka na kummaliza kabla hajapata pa kushika. Hivyo anazaana kimya, anapumua moshi wake, na akidi ikitimia sumu zinafunguliwa zote pamoja, na kundi linajijengea utando. Utando huo si kitu kigeni: ule utelezi ndani ya mtungi usiosuguliwa, ule ukoga wa meno asubuhi, ni ndugu zake. Ndani ya utando bakteria hukaa kama watu ndani ya ngome, na dawa inayowaua wakiwa huru majini huwapita humo bila kuwadhuru.

Dawa zetu za kuua bakteria, tangu Alexander Fleming alipouona ukungu kwenye sahani yake mwaka 1928, zimesimama juu ya wazo moja: ua, au zuia kuzaa. Ni wazo lililookoa watu wasio na idadi, na mimi ni mmoja wao; nisingetoka kwenye homa ya mapafu ya utotoni bila sindano za penisilini. Lakini kuua kuna gharama iliyofichika. Katika mamilioni, daima yupo mmoja ambaye kwa bahati ya maumbile dawa haimwezi. Ukiwaua wengine wote umemfagilia uwanja. Fleming mwenyewe aliliona. Akipokea tuzo ya Nobel mjini Stockholm, Desemba 1945, alionya kwamba mtu atakayejitibu kwa dozi pungufu atawafundisha vijidudu kuistahimili dawa.

Na sisi tulifanya nini? Nilikuwa mwanafunzi nilipoingia katika duka la dawa, koo linawasha, nikaomba kapsuli za rangi mbili. Sikuwa na cheti. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, nataka ngapi. Nilikuwa na pesa ya nane. Siku ya pili koo likapoa, na zilizosalia nikazifunga kwenye karatasi, nikaziweka kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Koo lenyewe huenda lilikuwa na virusi, ambavyo kapsuli zile haziviwezi hata kidogo. Katika mwaka 2019, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na mzigo mkubwa kuliko wote kwa idadi ya wakazi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Siwezi kujitoa kabisa katika hesabu ile.

Kutokana na habari ya akidi lilizaliwa wazo jingine. Tuseme hatumuui bakteria. Tunamwacha aishi, ila tunamzuia asijue kwamba wao ni wengi. Tunaupeperusha moshi. Atabaki akijiona mpweke, hatajenga utando, hatafungua sumu, na kinga ya mwili itapata muda wa kumwondoa. Na kwa kuwa hatukumuua wala kumzuia kuzaa, yule mmoja sugu hapati uwanja uliofagiliwa. Hana faida kubwa juu ya wenzake. Ndivyo hoja ilivyo, na uzuri wake unavuta.

Tena wako viumbe wanaoijua kazi hiyo tangu zamani. Baharini karibu na Sydney, Australia, kuna mwani mwekundu uitwao Delisea pulchra, usifananishwe na ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba. Mwani huu hauoti utando wa bakteria mwilini mwake kama mimea mingine ya maji. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua sababu: hutoa kemikali ziitwazo furanoni, zinazofanana na moshi wa bakteria kiasi cha kukaa mahali pake bila kuamsha chochote. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa na kukiziba. Bakteria wengine wa udongoni, wa jamii ya Bacillus, wana kimeng'enya kinachoiharibu kemikali ya wenzao. Jeni yake ilipohamishiwa kwenye viazi mviringo, viazi vilistahimili ugonjwa wa kuoza. Hata kitunguu saumu kimo. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walionyesha kwamba ajoeni, kemikali iliyomo ndani yake, inamvuruga Pseudomonas katika kusoma akidi. Naliandika hili kwa woga, maana najua kesho mtu atasema daktari hahitajiki, saga vitunguu saumu. Kemikali iliyosafishwa na kupimwa katika maabara si punje tatu ndani ya chai.

Kipindupindu ndicho kilichonifundisha kwamba jambo hili si jepesi kama nilivyodhani. Kinatuhusu kwa ukaribu. Kilipoishika Unguja mwaka 1869, daktari James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani, alikaa akafuatilia kilikotoka, njia za misafara ya bara na njia za majahazi, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima. Hakujua kijidudu ni kipi. Sasa tunajua ni Vibrio cholerae, ndugu wa wale wa taa, na kwamba naye anasoma moshi. Ila anausoma kinyume. Wakiwa wachache ndani ya utumbo ndipo wanapojishikiza, wanajenga utando, wanatoa sumu ile inayomkamua mtu maji ya mwili mpaka macho yanazama. Wakiwa wengi, akidi ikitimia, huacha sumu, hukata kamba zilizowashikiza, na kutoka na maji ya kuharisha kwenda kumtafuta mtu mwingine. Kwa Pseudomonas akidi hufungua kikao. Kwa kipindupindu akidi huvunja kikao, na wajumbe wanasambaa vijijini.

Basi dawa ya kupeperusha moshi, ukimpa mgonjwa wa kipindupindu, itamdhuru. Yeye anahitaji moshi zaidi. Anahitaji mtu wa kuwadanganya wachache wale kwamba wao ni wengi, muda umefika, ondokeni. Mwaka 2010 Faping Duan na John March wa Chuo Kikuu cha Cornell walijaribu jambo hilo hilo. Walichukua bakteria mpole wa tumboni, aina ya Nissle, ambayo daktari Mjerumani Alfred Nissle aliipata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakampa jeni ya kutoa kemikali ya akidi ya kipindupindu. Vichanga vya panya vilivyonyweshwa bakteria huyo kwanza, kisha vikaambukizwa, vilinusurika kwa wingi kuliko vile visivyonyweshwa. Miaka minne baadaye, uchunguzi wa wagonjwa wa Bangladesh ulionyesha kwamba mmoja wa wakazi wa kawaida wa utumbo wa binadamu hutoa ile kemikali ya sokoni, na akiwapo humzuia kipindupindu asistawi. Inawezekana kwamba mabwana wadogo tuliowabeba tumboni wamekuwa wakipiga uongo huu kwa niaba yetu muda wote, na kila tunapomeza kapsuli za rangi mbili bila sababu tunawaua wao kwanza.

Kuna kisa kingine nisichoweza kukiacha. Mwaka 2019 Justin Silpe na Bassler waliripoti juu ya kirusi kinachomshambulia kipindupindu. Kirusi hicho hukaa ndani ya bakteria kikiwa kimelala, na kinasikiliza. Kikinusa akidi ya mwenyeji wake, kikajua kwamba nje kuna wengine wengi wa kuvamia, ndipo kinaamka na kumpasua. Mdukuzi ndani ya kikao.

Pamoja na hayo yote, hadi leo hakuna dawa ya aina hii ambayo daktari anaweza kukuandikia. Furanoni za mwani zina sumu kwa mwili wa mtu. Vipimo vya maabara navyo vimezoea kuuliza swali moja: dawa imeua? Tone la dawa linawekwa kwenye sahani iliyoota bakteria, na duara tupu likijitokeza tunashangilia. Dawa ya kupeperusha moshi haitoi duara. Sahani inabaki imejaa. Na mgonjwa aliyezidiwa, bakteria wamekwisha kuingia kwenye damu, huwezi kumwambia angoje kinga yake ijipange. Huyo anahitaji kuuliwa wadudu wake sasa hivi. Kwa hiyo mimi naziona dawa hizi kama wasaidizi wa zile za zamani, au za kukinga, za kupaka kwenye mpira wa mkojo na kwenye majeraha, na si warithi wao.

Zaidi ya hapo, ile hoja ya kwamba usugu hautakuja imeanza kupasuka. Mwaka 2012 kundi la watafiti walionyesha Pseudomonas akijifunza kuitapika nje furanoni moja kabla haijamfanya kitu. Na kuna wategaji. Katika kila kundi huzuka bakteria wasioitikia akidi: hawatoi kimeng'enya cha kusaga chakula, ila chakula kikisagwa na wengine wanakula. Kila aliyewahi kuishi katika kijiji cha kazi za pamoja anawafahamu kwa majina. Kwenye mapafu ya wagonjwa wa muda mrefu wategaji hawa hukutwa kwa wingi, na kwao dawa yetu ya kuvuruga akidi haina cha kuvuruga.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikutana na streptomaisini, ile sindano chungu ya kifua kikuu iliyopatikana mwaka 1943. Hutengenezwa na bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces griseus, na katika mwaka 1967 mwanakemia wa Urusi, Khokhlov, na wenzake waligundua kwamba haitengenezi ovyo. Anangoja kemikali fulani anayoitoa mwenyewe ijae kiasi. Silaha tuliyoiazima kwa bakteria, tukaitumia kwa pupa miaka themanini, yeye huitoa ghalani akidi ikitimia.

Vibrio fischeri, yule wa Harvard, ana makazi mengine. Katika maji ya kina kifupi ya Hawaii yupo ngisi mdogo, hazidi kidole gumba, anayejifukia mchangani mchana na kuwinda usiku. Chini ya tumbo lake kuna kijifuko, na humo huwafuga bakteria hawa kwa chakula chake mwenyewe. Usiku akidi inatimia, kijifuko kinawaka, na mwanga wake hulingana na ule wa mbalamwezi unaoshuka kutoka juu, hata adui aliye chini asione kivuli kikipita. Kunapopambazuka, ngisi huwatema baharini karibu wote, zaidi ya tisa katika kila kumi. Hawaui. Anabakisha wachache, na taa inazimika. Kisha anajifukia mchangani kulala, na wale wachache, kila mmoja gizani peke yake, wanaanza tena kuzaana.